Mjukuu Wangu wa Kimataifa

Elimu ndiyo sikuipata ya kutosha, kumbukumbu ninayo. Nilisoma ngumbaru, jioni, mtoto mgongoni, na mwalimu wetu alikuwa kijana niliyemwogesha mwenyewe siku aliyozaliwa. Nikajua kusoma, nikajua kuandika jina langu, na hesabu nikazijua mpaka pale mtu anapoanza kuibiwa. Lakini majina ya watu wa mji huu ninayo yote. Nani alibatizwa nani, akabadili jina alipopata kiti cha kuzunguka. Nani alikuwa akiitwa kwa jina la ugonjwa wake utotoni. Wajukuu wameniambia niandike, ila nisitaje mtu, maana siku hizi watu wana mawakili. Haya, sitaji. Lakini mjue kwamba ninawajua.

Miaka ninayoisema ilikuwa ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa suti ya mtumba na kujiita mkurugenzi. Kabla ya hapo tulikuwa na pesa na sabuni hakuna. Ilipokuja ruksa, sabuni ikajaa madukani na pesa ikaenda kusikojulikana. Wasomi wakatuambia huo ndio uchumi umefunguka. Tukashukuru.

Hapa Sumbawanga kulikuwa na ghala la ushirika, lile lililokuwa likitunza mahindi yetu mpaka yaoze kwa utaratibu. Ushirika ulipokufa, ghala likabaki na popo. Halafu akaja bwana mmoja na suti ya buluu, akalikodi, akawafukuza popo, akaweka kuta za mbao katikati, na kabla rangi haijakauka akatangaza kwamba hicho ni chuo cha ufundi. Ushonaji upande wa mlango mkubwa, useremala nyuma, na uchomeleaji wa vyuma kule walikokuwa wakipimia mahindi, mizani bado imesimama. Yeye mwenyewe akawa mkuu wa chuo. Jina lake ninalo, na la baba yake pia.

Nje akasimamisha ubao wa ada. Ubao ulikuwa na safu mbili. Ya kwanza imeandikwa Wananchi. Ya pili imeandikwa Wanafunzi wa Kimataifa, na hiyo ilikuwa inalipwa kwa dola, au kwa shilingi zinazolingana na dola ya siku hiyo. Dola yenyewe sisi tuliisikia redioni tu. Mkuu naye aliisikia huko huko, ila yeye alisikiliza asubuhi, akafuta ubao, akaandika upya kabla ya chai. Dola ikipanda, ada inapanda. Dola ikishuka, redio yake inakosa betri.

Watu wa Mazwi, mtaa wetu, tulipita tukausoma ubao ule tukacheka. Wa kimataifa watoke wapi? Mzungu aje Sumbawanga kujifunza kushona kaptula? Nilicheka kuliko wote. Ndiyo maana nasema, usicheke ubao kabla hujajua umeandikiwa nani.

Binti yangu wa pili aliolewa upande wa Mbala. Kwa asiyejua, Mbala iko Zambia, na Zambia ni nchi nyingine, hayo tumeambiwa. Kwetu Mbala ilikuwa mahali pa kwenda kumsalimia shangazi. Wakati wa shida ya sabuni tulipanda baiskeli tukaenda kuchukua sabuni na sukari kwa ndugu, tukarudi, na hakuna aliyetuuliza kitu isipokuwa habari za nyumbani. Mimi mwenyewe mama alinizalia shambani kwa mjomba, msimu wa kupalilia ulezi, na lile shamba, walipokuja watu kuonyesha mpaka unapita wapi, likajikuta lina mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Mjomba aliendelea kulima miguu yote miwili. Ulezi haukuwahi kulalamika.

Basi, mume wa binti yangu alifariki, Mungu amrehemu, mtu mpole. Mtoto wao wa kike alipomaliza shule, mama yake akaniletea: "Mama, huyu hataki jiko, anataka moto mwingine." Ni kweli. Mjukuu wangu huyo alikuwa akiona lango la chuma anasimama kulipapasa kama mtu anavyopapasa ng'ombe wa kununua. Alitaka kuchomelea. Watu walishangaa, msichana na vyuma! Mimi sikushangaa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mfua chuma wa nchi hii. Wazee wale walijenga matanuru ya udongo marefu kupita mtu, malungu, na mpaka leo ukilima huku jembe linagonga mavi ya chuma waliyoyaacha. Kijana aliyetaka kujifunza kwao alileta kuku na adabu. Hakuna aliyemuuliza kuku huyo analingana na dola ngapi.

Nikampeleka mjukuu wangu chuoni, amevaa gauni lake la kitambaa kigumu, mimi nimejitanda kitenge kipya. Mkuu alikuwa mezani, dada mmoja wa ofisi pembeni yake, mtoto wa watu mpole, anaandika. Mkuu akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa heshima. Kwetu, mama wa mtoto akiwa ametolewa mahari, mtoto ni wa kwa baba yake. Bibi mzaa mama akisimama mbele ya watu akasema "huyu ni wangu," amewatukana wakwe. Ni kama kusema hawakulipa. Na hawa walilipa! Walileta ng'ombe, wakaleta blanketi la baba, wakaleta mpaka jembe la mama, ambalo ninalo hadi leo. Na baba wa mtoto alikuwa marehemu, ambaye hawezi kujitetea. Mtu wa mjini angejibu, "wa hapa Mazwi," mambo yakaisha. Mimi nikapiga goti, nikapiga makofi ya salamu kama inavyotakiwa, nikasema kwa sauti ili hata waliopo nje wasikie:

"Huyu ni mtoto wa wenzetu wa Mbala. Mama yake alitolewa mahari kamili, hawakubakiza kitu. Sisi hapa tumeazimwa tu."

Mkuu akaweka kalamu chini. "Mbala? Mbala ya Zambia?"

"Ziko ngapi, mwalimu?"

Akasimama. Akazunguka meza akamfikia mjukuu wangu, akampa mkono, akamtikisa hasa. Mimi hakunipa mkono, mimi si wa kimataifa. "Karibu sana chuoni kwetu," akamwambia. "Karibu sana Tanzania." Mjukuu wangu, ambaye asubuhi ile alikuwa ametoka kunichotea maji kwenye bomba la jirani, akasema ahsante.

Dada wa ofisi akageuza ukurasa, akampeleka safu ya pili.

Nilikuwa na maksai wawili wa kulimia. Majina yao nayo sitayataja, maana mmoja nilimpa jina la bwana shamba, na bwana shamba yu hai. Kwa muhula wa kwanza na wa pili nikamuuza yule mwenye jina la bwana shamba. Alinunuliwa na Msukuma mmoja aliyehamia huku na ng'ombe wake, mtani wangu, akamtazama yule maksai, akanitazama mimi. "Bibi," akasema, "kumbe wewe unamsomesha mtoto kwa kumla ng'ombe! Sisi kwetu tunamla ng'ombe kwa kumsomesha mtoto kuchunga." Nikamwambia anyamaze alipe. Aliyebaki akawa anasimama zizini peke yake kama mjane, anageuza kichwa upande ambao mwenzake alikuwa akifungwa. Na wote tulijua, mimi, mjukuu, hata huyo maksai nadhani, kwamba muhula wa mwisho ni zamu yake. Bila muhula wa mwisho hakuna mtihani wa serikali, na bila mtihani mtoto anarudi Mbala akiwa anajua kuchomelea kama anavyojua kila mtu aliyewahi kumtazama mchomeleaji. Nami bila maksai nalima kwa mikono yangu hii, kwa umri ule, au silimi.

Sasa mwone huyo mwanafunzi wa kimataifa alivyotunzwa. Wiki ile ile ubao wa mbele wa chuo ukapakwa rangi upya, likaongezwa neno: Chuo cha Ufundi cha Kimataifa. Mkuu akaagiza darasa la ushonaji washone bendera ya Zambia. Hakuna aliyeijua vizuri. Wakamuuliza mjukuu wangu, akawaambia ni ya kijani na pembeni ina rangi rangi, na juu kuna tai. Wakashona. Yule tai alitoka mnene, shingo fupi, amekunja mguu mmoja. Kwa muda wote nilioiona bendera ile ikipepea mbele ya ghala, ilikuwa na kuku.

Darasani wenzake waliketi kwenye mabenchi ya ushirika, yeye akapewa kiti. Kofia ya kuchomelea ya kuzuia cheche ilikuwa moja kwa wote, na dola haikuiongeza ikawa mbili. Mchana alikula ugali na maharage kwenye sufuria moja na wananchi. Siku moja mkuu akamjia na mgeni wake, akamuuliza kwa sauti ya kuonyesha, "Eee, na huko kwenu chakula cha taifa ni nini?"

"Ni nshima."

"Nshima! Mnasikia? Na hiyo inafananaje?"

Mjukuu wangu akainua tonge lake akamwonyesha.

Alinisimulia jioni tukiwa tunapukuchua mahindi, tukacheka mpaka tukapaliwa. Mimi nikimtania humwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote na mjukuu wake wa kike. "Mke mwenzangu," nikamwambia, "mume wetu angekuwepo angekufa mara ya pili."

"Bibi, na maksai je?"

"Maksai hajafa."

"Sijauliza hivyo."

Alikuwa mtoto wa kusikia usichosema. Kesho yake nikaenda ofisini.

Nikamwambia mkuu kwa adabu kwamba mtoto anaishi kwangu, analala kwangu, anakula mahindi ya kwangu, anachota maji Mazwi. Je, haiwezekani akahamishiwa safu ya kwanza? Mkuu akatabasamu kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mwezi haushikiki.

"Bibi, ada ya kimataifa ni heshima."

"Nani aliomba heshima?"

"Soko huria, bibi. Kila kitu kina bei yake. Na huyu mtoto ni wa nje. Wewe mwenyewe ulitamka hapa, watu wamesikia mpaka barabarani."

"Nilitamka mahari, sikutamka dola."

Akasogeza kiti. Akashusha sauti, na hapo ndipo nilipojua ukweli wote. "Bibi, elewa. Wa kimataifa ninaye mmoja. Ukimfanya Mtanzania, chuo kitabaki na nini?"

Nikatazama nje ya dirisha. Kuku wa kijani alikuwa akipepea. Kweli, kingebaki na mizani.

Nikitoka, yule dada wa ofisi akanifuata mpaka kwenye ngazi. Alikuwa na huruma, na huruma ya ofisini ndiyo ya kuogopa. "Bibi," akaninong'oneza, "njia ipo. Sema mama yake hakuolewa. Sema mahari haikutolewa, alizaa tu, basi mtoto ni wa kwenu hapa. Mkuu hatakuwa na la kusema. Mlete mama mwenyewe atamke mbele ya mashahidi wawili, inatosha."

Nikamtazama. Alikuwa mdogo, hajaolewa bado. Nikamwambia ahsante, mwanangu.

Sikutaka, lakini yule maksai alikuwa akinitazama kila asubuhi. Nikatuma ujumbe. Binti yangu akaja kwa baiskeli, siku nzima njiani, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwekea maji ya kuoga, nikampa chakula, nikamwacha ale. Ndipo nikamweleza. Nilipomaliza akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Mama, unataka niwe nilikaa bure miaka yote ile?"

"Ni maneno ya ofisini tu."

"Maneno ya ofisini! Shemeji zangu wanauza samaki wa ziwani, kutoka Wampembe, mpaka soko la hapa. Nikitamka asubuhi, jioni wamekwisha sikia kwamba ndugu yao marehemu alikuwa mwizi wa mke. Halafu mimi nirudi kulala katika nyumba ya nani?"

"Maksai ni mmoja, mwanangu."

"Na mume nilikuwa naye mmoja." Akalia kidogo, akacheka kidogo. "Basi muuze maksai. Nitakuja msimu ujao nikulimie kwa mikono. Huyo marehemu usimwuze."

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni amesikia yote. Akasema, "Nitaacha chuo." Tukamfokea wote wawili kwa pamoja, mimi na mama yake, mpaka jirani yangu muuza pombe akatoka nje kuuliza nani amefariki.

Basi tukakubaliana maksai ataondoka. Nilikwisha kumwambia hata yule mtani wangu Msukuma, naye akajibu atakuja baada ya mnada. Lakini kabla hajaja, akaja mgeni mwingine, na gari. Mkuu wa chuo, mwenyewe, uani kwangu Mazwi, mkononi kilo mbili za sukari na sabuni ya mche. Akapiga hodi kama mtu aliyelelewa. "Shikamoo, bibi." Sikuwahi kuipata ile shikamoo ofisini. Nikaiitikia kwa uangalifu, maana kitu usichokizoea unaweza kukivunja.

Shida yake ikawa hivi. Kuna mheshimiwa anakuja kutoka wizarani pamoja na wafadhili, wanataka kuona chuo cha kimataifa. Wakikipenda, watatoa mashine mpya za kuchomelea na jenereta. Na wanataka kumsikia huyo mwanafunzi wa kimataifa. "Atasimama," mkuu akasema, "atasalimia kwa lugha ya taifa lake, dakika chache tu, mimi nitatafsiri."

"Unaijua lugha hiyo?"

"Nitatafsiri," akasema tena.

Jirani yangu muuza pombe alikuwa ameegemea ukuta wake anasikiliza bila kujificha. Huyo ni mwanamke ambaye hata Mungu akimwita atauliza bei kwanza. "Na mtoto anapata nini?" akapaza sauti. "Soko huria, mkuu! Kila kitu kina bei yake!"

Mkuu akamtazama, akanitazama, akaitazama sabuni yake. Mwishoni akasema kwamba mtoto akiongea vizuri lugha ya kigeni mbele ya wageni, muhula wa mwisho atalipa kama mwananchi. Jirani akaingia ndani, akatoka na kata ya pombe ya ulezi. Kwetu neno lililonyweshwa kwa kata moja mbele ya watu halirudi. Mkuu akasema yeye hanywi. "Basi hujasema," jirani akamwambia. Akanywa. Nami nikanywa. Jirani akanywa kuliko wote, kama shahidi.

Siku ya wageni ghala lilifurika. Hatukualikwa, lakini mlango wa ghala ni mpana, ulitengenezwa kwa ajili ya malori. Wakaja wazazi, wapishi wa chuo na miiko yao, wachukuzi wa sokoni, akina mama wauza nyanya. Mheshimiwa alikuwa mtu wa pwani, mnene, mcheshi, kitambaa shingoni kwa baridi yetu. Wafadhili waliketi mbele wakitabasamu kwa kila kitu, hata kwa mizani. Wanafunzi wa ushonaji wakaimba. Mkuu akasoma hotuba ndefu yenye neno mataifa kila mstari. Kisha akasema, "Na sasa, kwa niaba ya wanafunzi wetu kutoka nchi mbalimbali," na nchi mbalimbali akasimama peke yake, na gauni lake la kitambaa kigumu.

Mjukuu wangu hakupanda jukwaani. Alipiga goti pale pale chini, kama anavyofundishwa mtoto yeyote huku na kule, akapiga makofi yale ya kukunja viganja, taratibu, akaanza kusalimia kwa Kimambwe cha baba yake. Sasa, Kimambwe na Kifipa chetu ni kama madada walioolewa vijiji viwili. Yeye akauliza habari za wazee. Ghala zima, bila kuambiwa, likapiga makofi likajibu: wazee wazima. Akauliza habari za mvua. Likajibu. Akauliza ulezi umetoka vipi. Hapo kila mtu alikuwa na lake, wauza nyanya wakaeleza, mchukuzi mmoja akalalamikia panya.

"Anawasalimu," mkuu akatafsiri.

Mjukuu wangu akaendelea, macho chini, sauti ya adabu kabisa. Akasema: Namshukuru bibi yangu aliyemuuza maksai ili mimi niitwe mgeni nyumbani kwake. Nawashukuru wapishi wanaotupikia na bado hawajalipwa. Namshukuru yule kuku aliye kwenye bendera, maana ndiye peke yake hapa ambaye hajanidai kitu.

Mwiko wa mpishi mkubwa ukaanguka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Anaushukuru uongozi," mkuu akasema, "kwa mazingira mazuri ya kujifunzia."

Wakacheka zaidi. Mheshimiwa naye akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiyejua ila hataki kuachwa nyuma. Kisha akainama upande wa mkuu, na kipaza sauti kilikuwa karibu, tukamsikia wote: "Lakini mkuu, mbona wanaelewa? Hawa wote ni Wazambia?"

Mpishi mkubwa ndiye aliyeokota mwiko wake, akasema, "Mheshimiwa, hiyo ni lugha ya shangazi zetu."

Mheshimiwa akatazama bendera, akatazama ubao wa safu mbili uliokuwa umeegeshwa ukutani ili wafadhili wauone. Akauliza mtoto analipa safu ipi. Akaambiwa. Akasema, kwa uzito unaostahili, kwamba suala hilo litaangaliwa. Limeangaliwa nadhani. Bado linaangaliwa. Wafadhili, ambao walitafsiriwa kila kitu na mkuu, walikuwa wamefurahi sana, wakaahidi mashine, wakasema watarudi kuzikabidhi na kupiga picha na yule binti wa kutoka nje.

Wageni walipoondoka mkuu akatuita nyuma ya useremala. Suti yake ilikuwa imelowa kwapani. "Makubaliano yamevunjika," akasema. "Nilisema lugha ya kigeni. Ile haikuwa ya kigeni. Mmeniaibisha. Ada ni ile ile, safu ya pili."

Nilikuwa na maneno, na mengine si ya kuandikwa. Lakini mjukuu wangu alinishika mkono. Hakupiga goti safari hii.

"Mkuu," akasema, "kama lugha yangu ni ya kigeni, nimetimiza, nalipa kama mwananchi. Kama si ya kigeni, basi mimi si mgeni, nalipa kama mwananchi. Chagua tu unayoipenda."

Mkuu akachagua kufuta jasho. Jirani yangu muuza pombe, ambaye hakuna aliyemwita, akasema kutoka nyuma ya mbao, "Na wale wakirudi na mashine zao, watapiga picha na nani? Na kuku?"

Nikaona mkuu anapiga hesabu, na hesabu za namna ile nazijua hata bila darasa. Akasema sawa. Akasema tusimwambie mtu. Nikamwambia sitamwambia, na kweli, tangu siku ile sijamwambia mtu, nimewaambia wote.

Msukuma alipokuja na kamba kumchukua maksai, nikamrudisha mikono mitupu. Akanilaani kwa utani wa kutosha mwaka mzima, nikamnywesha pombe, akaniambia basi atanikodisha yule wa kwanza msimu wa kulima, mwenye jina la bwana shamba, nimfunge na mwenzake. "Kwa bei gani?" nikamwuliza. "Wewe ni mgeni katika zizi langu," akasema, "kwa hiyo ghali." Alimleta bure. Niliwaona wale maksai wawili walivyosimama siku ile nira ilipowekwa, kila mmoja upande wake, kama hawakuwahi kutengana.

Mjukuu wangu alifanya mtihani, akafaulu. Cheti chake kimeandikwa uraia wa Zambia, kwa herufi nzuri. Alichomelea lango langu la uani kabla ya kurudi kwao, ndilo hili, halijalegea bawaba moja. Alikwenda kufungua karakana Mbala. Mama yake hakuwahi kutamka neno lile, na shemeji zake hadi leo wakileta samaki sokoni hunipitishia wawili.

Mwaka uliofuata nilipita mbele ya ghala nikitoka sokoni. Bendera ilikuwa imechanika, mashine zilikuwa zikiunguruma ndani, na ubao wa ada ulikuwa mpya. Sasa ulikuwa na safu tatu. Katikati ya wananchi na wa kimataifa kulikuwa kumeandikwa Wakazi wa Mpakani, na bei yao nayo ilikuwa katikati, kwa haki kabisa. Nikasimama nikasoma polepole, ngumbaru yangu yote. Mkuu akaniona dirishani, akatoka nje, akaniamkia vizuri sana.

"Shikamoo, bibi. Hivi, wewe mwenyewe kwenu hasa ni wapi?"

Nikamwambia nina mboga zinanyauka, nikaenda zangu. Lile shamba la mjomba, na mguu wake nilioangukia siku niliyozaliwa, hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikuona sababu ya kumkumbusha mtu.